Msichana wa Kwanza wa Shule ya Chini

Wanafunzi waliniita Mwalimu Kurunzi, na sikuwahi kukasirika, maana jina lilinistahili. Bwenini hakuna kilichopita bila mimi kukimulika. Simu zilizofichwa ndani ya mkate, wagonjwa waliopona ghafla kengele ya kufunga shule ikilia, machozi ya msiba wa bibi aliyekwisha kufa muhula uliopita, vyote nilivinasa. Nilipostaafu, watu walidhani taa imezimwa. Haikuzimwa. Ilikosa tu mahali pa kumulika, mpaka mambo ya dada yangu yalipoanza.

Yalianza na kitunguu. Nilirudi mchana kutoka kwenye kikao cha Shule ya Chini, dada akanipa kikombe cha chai, na vidole vyake vikanuka kitunguu. Mtu mwingine angekunywa chai yake akanyamaza. Mimi nilijua vitunguu viliisha jikoni tangu juzi, na kwamba siku ile hakuna kilichopikwa isipokuwa viazi nilivyochemsha mwenyewe asubuhi. Tena kidole gumba chake na kile cha shahada vilikuwa na doa la kahawia kwenye ncha. Nikamuuliza alikuwa akifanya nini. Akasema alikuwa amekaa. Nikatazama chini. Viatu vyake vya kutokea, ambavyo siku zote hukaa uvunguni mwa kitanda, vilikuwa mlangoni vimejaa vumbi jekundu, na sisi huku chini udongo wetu ni mweusi.

Udongo mwekundu uko ng'ambo ya kijito, kwenye Shule ya Juu. Na mkuu wa Shule ya Juu ni mkwe wangu, mke wa mwanangu wa pekee, anayeishi nyumba ya pili uani kwangu. Hapo machale yakanicheza kwelikweli.

Ili mtu aelewe kwa nini vumbi lilininyima raha, lazima nieleze habari za shule hizi mbili. Zamani huku kwetu kulikuwa na wilaya moja. Baadaye wakubwa wakaikata, kijito kikawa mpaka, na kila upande ukataka sekondari yake, maana wilaya isiyo na sekondari ilionekana kama kituo tu cha kupitia. Juu walikuwa na darasa lao, chini tukawa na letu, na yote mawili yakingoja ukaguzi. Mkaguzi akaja kwetu kwanza, kwa sababu wilaya yetu ilikuwa mpya na wakubwa walikuwa na haraka nayo, akatupa usajili. Wao wa juu walisubiri mwaka mzima. Huo mwaka tumeutambia maisha yetu yote. Tumeutambia kwenye michezo na kwenye mazishi, na hata kwenye harusi ya mwanangu kuna mjomba wetu aliyesimama kuwakumbusha wakwe nani ni mkubwa.

Sasa wakubwa wameamua kuziunganisha wilaya tena. Wakasema kidato cha tano na cha sita vitabaki shule moja, na nyingine itaishia cha nne. Kila mwenye akili alijua maana yake. Walimu wazuri watahama, mabweni yatafungwa, na wazazi watawapeleka watoto wao kwingine. Afisa elimu aliyeletwa kusimamia kazi hiyo akasema hataki kelele, itakayobaki ni ile iliyotimiza masharti ya usajili kwanza. Hiyo ni yetu. Ilibidi tu tuthibitishe mbele yake kwenye kikao cha hadhara, na mkuu wa Shule ya Chini akanikabidhi mimi kazi ya kuandika historia ya shule na kuisoma siku hiyo. Alinivika kilemba cha ukoka kwanza, eti hakuna mwingine mwenye kalamu kama yangu. Nilijua ananipaka mafuta, lakini nilikubali. Nilifundisha pale tangu nikiwa msichana mpaka nywele zikawa nyeupe. Mume wangu alikwisha tangulia, mwanangu anafanya kazi mbali, na hata nyumba hii niliikuta imejengwa. Shule ile ndiyo kitu pekee ninachoweza kukionyesha mtu nikasema nilikuwapo duniani.

Na shahidi wetu mkubwa alikuwa dada yangu huyohuyo mwenye vidole vya kitunguu. Yeye ndiye msichana wa kwanza wa Shule ya Chini. Hadithi yake kila mtoto wa huku anaijua, na mimi niliifundisha kuliko nilivyofundisha habari za vita vyovyote. Mkaguzi aliingia darasani, akachuma jani dirishani, akauliza kwa nini ni la kijani. Wavulana wakatazama dari. Msichana mmoja tu akainuka akaeleza habari za umbijani, kile kinacholipa jani rangi yake, na mwanga wa jua, mpaka mkaguzi akavuta kiti akakaa. Akasema shule yenye mwanafunzi wa namna hii ni shule kamili, na akaahidi kumuulizia kila atakapopita. Mkuu alikuwa ametuahidi kwamba tukishinda, bweni la wasichana litaitwa kwa jina la dada. Nilipompelekea dada habari hiyo, alikata uzi wa kifungo alichokuwa akishona akasema, "Bweni lina jina tayari. Linaitwa bweni." Nikadhani ni unyenyekevu.

Basi nikaanza kuwapeleleza, dada na mkwe wangu. Nikaona mambo. Nikiingia sebuleni wanabadilisha mazungumzo, wananiuliza kama mvua itanyesha. Siku moja nilimkuta mkwe amemshika dada mkono anamfuta vidole kwa pamba yenye harufu ya hospitali, na mara moja akaitia pamba mfukoni. Doa la kahawia, pamba, vumbi jekundu. Nikapiga hesabu zangu. Huyu binti anampeleka dada yangu ng'ambo, nikasema, anamwekesha dole gumba kwenye karatasi fulani ili siku ya kikao aikane shule yetu. Kwamba dada anajua kuandika vizuri kuliko mimi, na kwamba hakuna anayemwekesha dole gumba mtu mwenye saini, sikutaka kukumbuka. Mtu akishamshuku mwenzake, kila kitu kinaingia mahali pake.

Nilimbana mkwe kwanza, uani, akianika nguo. Nikamuuliza hali za shule yake, akasema njema. Nikamuuliza kama wamejiandaa kwa kikao, akasema wamejiandaa. Nikamuuliza moja kwa moja mama mkubwa wake huenda kufanya nini kule juu. Alibana kibanio kwenye shuka, taratibu kabisa, kisha akasema, "Mama, hilo muulize mama mkubwa mwenyewe. Mimi nikikujibu nitakuwa nimemsemea." Heshima nyingi namna hiyo hunitia wasiwasi kuliko matusi. Nikaenda kwa dada. Dada akajitia hamnazo, akaniambia ninywe chai kabla haijapoa.

Nikakata shauri kuwategea. Nikaaga kwamba nakwenda kwenye kikao cha wazazi na nitachelewa, nikabeba mkoba wangu, nikatoka, na nikaenda kuketi kwa fundi viatu anayetazamana na mtaa wetu. Nilimpa kiatu kisicho na ubovu wowote. Alikigeuza, akakitazama, akanitazama mimi, akaanza kukishona palipokwisha shonwa. Hakufika hata mwisho wa soli. Gari la mkwe lilisimama mbele ya nyumba, dada akatoka amevaa gauni lake zuri na vile viatu, akafunguliwa mlango kama bibi harusi, wakaondoka. Nilichukua pikipiki ya kukodi, mguu mmoja una kiatu, mwingine kandambili ya fundi.

Shule ya Juu nilikuwa sijaingia miaka mingi. Ni watu wa kupaka chokaa mawe ya njiani, hilo nawapa. Nikapita nyuma ya jiko lao, nikafuata ukuta, nikifika kila dirisha nachungulia. Dirisha la mwisho lilikuwa la maabara, na hapo nikamwona dada yangu. Amekaa kwenye kigoda kirefu, miguu haigusi sakafu, amevalishwa koti jeupe la kumzidi. Mbele yake nusu ya kitunguu. Alikuwa akichuna utando wake mwembamba kwa pini, ulimi nje kidogo, na mkwe wangu amesimama pembeni ameshika kichupa. Akadondosha tone la dawa ya kahawia. Dada akasogeza jicho kwenye hadubini, akageuza kirungu chake cha kurekebishia. Halafu akacheka peke yake. Sikuwa nimemsikia akicheka vile tangu tulipokuwa tunalala kitanda kimoja.

Badala ya kufurahi nilipandwa na hasira, maana nilikuwa nimejiandaa kukuta karatasi na wino. Nikaingia kwa nguvu. Mkwe akasema karibu, mama. Nikamwambia sikuja kukaribishwa, nimekuja kuona wanachomfanyia mtu mzima. Dada hakuinua hata kichwa.

"Funga mlango, mdogo wangu, upepo unanipeperushia kazi," akasema. "Halafu njoo utazame kwanza, ugomvi baadaye."

Nikatazama. Vyumba vidogo vidogo vimepangana kama matofali, kila kimoja na doa lake ndani. Nilikuwa nimefundisha maisha yangu yote jirani na maabara na sijawahi kutia jicho kwenye chombo kile. Niliona aibu kidogo, nikaificha kwa kuuliza ni mchezo gani huu.

"Siku waliyotuchukua," dada akasema, "kesho yake ilikuwa zamu yangu ya kutazama. Hadubini ilikuwa moja, tulikuwa tunapokezana."

Nikamuuliza waliowachukua ni nani, na walimchukua nani, wapi.

"Sisi wa hapa," akasema. "Mimi nilikuwa wa Shule ya Juu."

Akanieleza yote, na mkono wake ukiendelea kufuta kioo. Darasa la chini lilikuwa na madawati na wavulana wachache tu. Mkaguzi alitaka darasa kamili, tena lenye wasichana, la sivyo hakuna usajili. Wakuu wawili wa wakati ule walikuwa marafiki, wakakubaliana. Siku ya ukaguzi wa chini, nusu ya wanafunzi wa juu watavuka kijito wakaketi pale, na zamu ya juu ikifika, chini nao watatoa wao. Watoto waliambiwa wabadilishe sare njiani, vichakani, na wasiseme. Walikwenda, wakakaa, mambo yakaenda vizuri. Tatizo likawa lile jani. Wale wavulana hawakujua jibu kwa sababu kwao hapakuwa na somo la sayansi. Dada alijua kwa sababu alifundishwa juu wiki ileile. Akajisahau, akainua mkono. Na mkaguzi akamuuliza jina, akaahidi kumuulizia kila atakapopita.

Wenzake walirudi jioni ileile. Yeye hakuweza kurudi. Mkaguzi akija asimkute, wakuu wote wawili wangefukuzwa kazi. Basi alibaki shule isiyo na maabara, akasoma kilichokuwapo, akamaliza, akawa fundi cherehani. Alikuwa anataka kuwa tabibu. Hilo la utabibu nililisikia siku ile kwa mara ya kwanza, na nilikuwa nimekaa naye nyumba moja tangu alipofiwa na mumewe.

Unajua nilichosema? Sikusema pole. Nilimgeukia mkwe wangu nikamuuliza ni nani aliyemfundisha dada maneno haya, na kwa faida ya nani, ikiwa kikao ni wiki ijayo.

Mkwe akafungua mdomo, dada akamzuia kwa kiganja. "Mdogo wangu," akasema, "ile habari ya jani umeisoma wapi?"

Sikuwa nimeisoma popote. Nilihadithiwa.

"Nilikuhadithia mimi, kitandani, ukiwa mdogo. Ndivyo nilivyoagizwa niseme, na wewe ndiye niliyemfanyia mazoezi. Sasa umeiandika historia yote kwa kunisikiliza mimi nikidanganya, halafu leo nasema kweli unauliza nimefundishwa na nani."

Nikamuuliza kwa nini basi hakuniambia hata nilipokuwa mtu mzima. Hapo akamtazama mkwe, mkwe akajifanya anaosha vioo. Dada akasema kwamba mkuu wa zamani wa Shule ya Chini alipokuja kuzungumza na baba, baba alikataa, akasema binti yake si dawati. Kisha mkuu akaahidi jambo. Binti mkubwa akiachwa pale, mdogo naye akifika umri atapokelewa bila maswali na atasomeshwa mpaka mwisho. Baba akakubali. "Ulifaulu mwenyewe," dada akaharakisha kusema, "matokeo yako niliyaona. Ila nafasi yako ilikuwa imewekwa kabla hujafanya mtihani."

Maisha yangu yote nimewaambia wanafunzi wangu kwamba mimi sikubebwa na mtu. Nikaondoka bila kuaga, na mguu wangu mmoja wa kandambili, nikashuka kwa miguu mpaka kijitoni na kuvuka.

Nilipotulia kidogo, kurunzi ikarudi kazini. Mkwe alikuja baadaye kuniambia kwamba amelijua jambo hili tangu mwanzo wa muhula, na hakusudii kulisema kwenye kikao. Akasema, "Mama mkubwa aliniomba nimtazamishe hadubini. Hakuniomba nimshindie kesi." Sikumwamini hata chembe. Nani anakalia kitu kama hicho? Ningekuwa yeye ningekimbia kwa afisa elimu na mapovu ya sabuni mikononi. Nikajua anangoja kikao kijae ndipo alipue.

Nikaenda kwa mkuu wetu kumtahadharisha. Sikumwambia nilichosikia, nilimwambia tu kwamba dada siku hizi hataki kusimama mbele za watu, na labda tumwache. Ofisi yake ina kabati la vikombe vya michezo na feni inayolia. Alinisikiliza, akatabasamu, akavuta kiti chake karibu.

"Mwalimu, usiwe na hofu. Asimulie lile la jani tu, aketi. Akianza kutaja ya kuvuka kijito, mimi nitasimama niseme mama yetu amezeeka, kumbukumbu zimechoka. Na wewe utaunga mkono, wewe ni ndugu."

Nilikuwa sijataja kijito. Nikamtazama, naye akatazama kabati lake la vikombe. Nikamuuliza amelijua lini. Akasema kila mkuu humwachia mwenzake funguo na mambo mengine, na kwamba mambo mengine si ya kuzungumza. Kumbe walijua wote. Wakuu wote niliofanya kazi chini yao, walionipigia makofi kila mwaka nikisimulia hadithi ile ukumbini, walijua. Mimi ndiye niliyekuwa namulika mabweni ya watoto na kuiacha ofisi gizani. Nilitoka pale nikamshuku kila mtu, kuanzia mlinzi wa getini.

Asubuhi ya kikao dada alivaa gauni lile zuri. Nilimfunga vifungo vya mgongoni kwa kuwa mabega yake hayageuki tena. Hatukuwa tumezungumza vizuri tangu siku ya maabara. Akiwa amenipa mgongo akasema, "Nitasema unavyotaka. Nimeyasema miaka yote, mara moja zaidi haitaniua." Nilikuwa natafuta tundu la kifungo, au nilijifanya natafuta.

Ukumbi wa ofisi ya wilaya ulijaa. Wazazi wa juu upande mmoja, wa chini upande wa pili, na katikati njia pana ambayo hakuna aliyeamuriwa kuiacha wazi. Afisa elimu alikuwa mtu mfupi, mtulivu, asiyecheka ovyo. Alianza na Shule ya Juu. Mkwe wangu akasimama. Nikajua ndiyo sasa. Alisema shule yake ilisajiliwa mwaka uliofuata baada ya Shule ya Chini, kwamba hana cha kuongeza juu ya hilo, na kwamba anaomba watakaohamishwa watendewe vizuri popote watakapokuwa. Akaketi. Upande wake ukanung'unika, mzee mmoja akasonya waziwazi. Nilimsubiri asimame tena. Hakusimama. Alikuwa amekunja mikono anatazama magoti yake, na nikaona ana macho mekundu. Alikuwa anaipoteza shule yake mbele za watu wake, na neno moja tu lingemwokoa, na hakulisema. Nilitafuta hila ndani yake kwa bidii zote nilizojaliwa nikaikosa.

Mkuu wetu akamwita dada. Akampangia kiti, akamsifia, akamtaja kuwa msichana wa kwanza wa Shule ya Chini. Upande wetu ukapiga makofi. Dada akaanza. Mkaguzi aliingia, akachuma jani dirishani. Maneno yalikuwa yaleyale, na pale pa kupumzika palepale, kama alivyoyasema gizani nikiwa mdogo nimelalia mkono wake. Alipofika kwenye umbijani akanitazama mimi. Hakumtazama afisa wala mkuu. Alikuwa ananiuliza kama anasema vizuri.

Nilisimama. Afisa akaniambia, mwalimu, zamu yako bado.

"Najua," nikasema. "Lakini dada anadanganya, na anadanganya kwa ajili yangu."

Mkuu akawa amekwisha inuka. Akaanza kusema kwamba mheshimiwa, wazee wetu hawa wamechoka, kumbukumbu zao. Akanitazama niunge mkono. Ilikuwa rahisi sana. Ningetikisa kichwa tu kwa huzuni, ningemshika dada mkono, nikamketisha, na shule yangu ingebaki imesimama pale kwenye udongo mweusi mpaka baada ya kufa kwangu.

"Dada yangu hajachoka na hajasahau kitu," nikasema. "Hakuwa mwanafunzi wetu. Alikuwa wa Shule ya Juu. Siku ya ukaguzi tulimwazima, yeye na nusu ya darasa, ndipo tukapata usajili. Mkuu wetu anajua. Waliomtangulia pia walijua."

Sikumbuki kelele zilikuwaje, nasikia zilikuwa nyingi. Nakumbuka afisa elimu alingoja zitulie, akanitazama mimi, akauliza kwa sauti ya mtu anayetaka kuelewa tu:

"Na mlimrudisha lini?"

Nikatafuta jibu. Mimi niliyekuwa na tarehe za kila kitu nikakosa hata la kubuni. Mkuu alikuwa anafuta kioo cha saa yake. Ndipo dada akajibu mwenyewe, kutoka kwenye kile kiti alichopangiwa.

"Bado," akasema.

Afisa elimu akaliandika neno hilo.

Uamuzi ulitolewa mchana uleule, na ulikuwa vile ulivyopaswa kuwa. Kidato cha tano na cha sita vinakwenda juu. Watu wa chini walinipita mlangoni bila salamu, watu niliowafundisha tangu kidato cha kwanza, na mmoja alitema mate karibu na miguu yangu. Niliumia, na bado naumia. Sijui nitapitaje mbele ya lile bweni likiwa limefungwa. Mkwe wangu alitaka kunisogelea, nikamwomba kwa macho anipe muda kwanza, akanielewa. Huyu binti ananielewa mno, na nimeanza kuacha kuuliza kwa nini.

Nilimsaidia dada kushuka ngazi. Nilitaka kumwomba msamaha, nikamuuliza badala yake kama amechoka, nimpeleke nyumbani akapumzike.

Akatikisa kichwa. Alikuwa anatazama barabara ya juu, ile yenye vumbi jekundu.

"Nyumbani baadaye," akasema. "Kwanza nipeleke shule."